Mwaka Ambao Prefe Alipenda Mpira wa Mikono

Mkuu wa shule yetu, ambaye sisi wa Lubumbashi humwita prefe, hakuwa adui wa michezo. Nikisema hivyo nitakuwa namsingizia. Aliipenda sana, mradi isiguse mahali anapoegesha gari lake. Uwanja wa mpira wa mikono tulikuwa nao mmoja, wa saruji iliyopasuka, kati ya vyoo na madarasa ya wadogo, na gari la prefe lilisimama hasa mbele ya goli la upande wa madarasa. Kwa hiyo tulifanya mazoezi kwa goli moja. Kushambulia tulijua, kujilinda tulijaribu, lakini habari ya kukimbia kutoka goli moja hadi jingine tulikutana nayo siku ya mechi, mbele za watu.

Mimi nilikuwa kipa wa timu ya wasichana. Sikuchaguliwa kwa kipaji. Nilichaguliwa kwa sababu siku ya kwanza mpira ulinipiga usoni na sikulia, na mwalimu akaona kwamba hapo pana kitu cha kuendeleza.

Mwalimu mwenyewe alifundisha dini. Alipewa timu kwa sababu alikuwa na filimbi, na katika shule nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Alikuwa mtu mwembamba na mpole, aliyeomba radhi kabla ya kupiga filimbi. Sheria za mchezo alizisoma katika kijitabu cha fotokopi kilichoanzia ukurasa wa tisa. Mambo ya kurasa nane za kwanza tulifundishwa na waamuzi, kwa kadi.

Msimu wangu wa kwanza tulipoteza mechi zote. Shule ya masista, ambayo wasichana wake walikuwa na viatu vinavyofanana, ilitufunga thelathini na moja kwa nne, na ile ya nne walijifunga wenyewe. Jumatatu yake, mbele ya bendera, prefe alitutaja mara moja tu: alitaka kujua nani alituruhusu kutembea mjini na jina la shule mgongoni.

Nyumbani pia sikuwa shujaa. Tulikaa Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi na si nchi, karibu na soko ambako mama yangu aliuza dagaa wakavu, na mama alikuwa na maoni kamili kuhusu michezo.

"Banakutupia mpira mu sura," aliniambia akinitazama jicho lililovimba, "na weye unafurahi?"

"Njo kazi ya kipa, mama."

"Kazi! Vyombo iko pale. Vyombo haitupake mpira mu sura ya muntu."

Hakuna aliyewahi kumshinda mama kwa hoja. Niliosha vyombo.

Mwaka wa pili akaletwa darasani kwetu msichana kutoka Kasumbalesa, mpakani. Alikuja kuishi kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa mfupi, mkimya, na mwenye kutumia mkono wa kushoto, jambo lililowasumbua walimu kuliko sisi. Kule mpakani, ambako malori hupanga foleni kilometa na kilometa, alikuwa akiuza machungwa. Dereva hashuki, alitueleza. Dereva anateremsha kioo tu, na lori linaweza kuondoka wakati wowote, kwa hiyo chungwa unalirusha. Ukimkosa, chungwa linaenda chini ya magurudumu na wewe unarudi nyumbani na maelezo.

Siku ya kwanza ya mazoezi alisimama na mpira mkononi akalitazama goli kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa dhati kabisa:

"Goli yenu haitembeake?"

"Haitembeake."

"Bon, muzuri."

Sikuuona mpira. Niliusikia ukipita juu ya bega langu na kugonga ukuta wa choo, na mtu aliyekuwa ndani akatoka haraka akiuliza kuna nini.

Basi tukaanza kushinda. Siwezi kusema tulikuwa timu bora. Tulikuwa wasichana sita tuliojua kumpelekea mpira wa saba. Lakini tulishinda moja, tukashinda mbili, na baada ya ushindi wa tatu gari la prefe likahamia chini ya ofisi yake. Tulifika asubuhi tukakuta goli la pili liko wazi, jekundu kwa kutu, kama kitu kilichochimbuliwa mgodini.

Tangu hapo prefe akawa mtu wa michezo. Alikuja mazoezini na miwani ya jua. Alituita "binti zangu". Mbele ya bendera alizungumza kwa dakika ishirini juu ya nidhamu, bidii na maono ya kiongozi, na hatukupata shida kujua kiongozi ni nani. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumefungwa sisi. Mwaka huo alishinda yeye.

Tulifika fainali, dhidi ya masista. Kwa wiki mbili nilimsumbua mama aje kuona. Mwishowe alikubali, nadhani ili nimwache apumzike. Asubuhi ile ya mwezi wa tano, baridi ikiwa bado inauma, alimwachia jirani meza yake ya dagaa, akafunga kitenge cha kwendea kanisani, na kushika njia ya uwanja uliokuwa katikati ya mji. Katika maisha yangu nilikuwa nimemwona mama akiiacha biashara mchana kwa sababu ya vifo tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa sababu yangu.

Tulipofika chumba cha kubadilishia nguo tulikuta wanawake watatu wamevaa jezi zetu.

Nasema wanawake kwa sababu sina neno jingine. Mmoja alikuwa na pete. Mwingine, mrefu, mabega mapana, alikuwa amevaa jezi yangu, namba moja, na ilimbana hivi kwamba namba ilikuwa imenenepa.

"Hawa ni wanafunzi wapya," alisema prefe. "Wa mwaka wa sita. Wa jioni."

Shule yetu haikuwa na masomo ya jioni. Ikifika jioni shule yetu haikuwa hata na umeme.

Mwalimu wa dini alisogea, akaomba radhi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Prefe, hawa bantu siyabaona mu darasa hata siku moja."

"Mwalimu, Mungu ulisha kumuona?"

"Hapana, Prefe."

"Na unamufundishaka kila juma. Bon."

Na mjadala ukaishia hapo. Mkono wa kushoto wetu, yule wa machungwa, alibaki kucheza, maana prefe hakuwa mpumbavu. Mimi na wenzangu wawili tulipewa heshima ya kulinda chupa za maji.

Nilikaa kwenye benchi nikijaribu kuwa mdogo. Haikusaidia. Sauti ya mama ilitoka jukwaani, safu ya tatu, na jukwaa zima likaisikia:

"Weye! Juu ya nini unaikala?"

"Niko napumzika, mama!"

"Unapumzika na haujachoka?"

Watu walicheka. Niliinama kufunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitamani saruji ya pale ipasuke kama ya shuleni kwetu, inimeze.

Na yule mwanamke alikuwa hodari, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mzito na hajui kitu. Alidaka mipira ambayo mimi ningeisindikiza kwa macho. Miguu yake ilikuwa inafika kabla ya mpira. Tuliongoza tisa kwa tano, prefe alikuwa amesimama akipiga makofi kwa mikono iliyonyooka, na mimi nilikuwa nashangilia kwa mdomo huku moyoni nikiombea masista.

Nilipogeuka tena kumtazama mama, niliona amepakata mtoto mchanga. Sikushangaa. Sokoni mama daima alikuwa na mtoto wa mtu mapajani. Wanawake humwona tu na kumkabidhi. Baadaye nilijua kwamba kabla ya mechi mwanamke mrefu mwenye koti alimsogelea akasema, "Mama, munibebee mutoto kadogo, ninarudi sasa hivi," na mama akanyoosha mikono bila kuuliza.

Zilipobaki dakika chache kabla ya mapumziko, mtoto alianza kulia. Kilianza kilio kidogo, cha kuulizia. Kisha kikawa kilio kamili. Kipa wetu akageuza kichwa kuelekea jukwaani, na mpira ukampita sikioni. Tisa kwa sita. Mtoto akazidisha. Kipa akageuka tena. Tisa kwa saba. Kifuani mwa jezi yangu kulikuwa kumeanza kulowa, mahali pawili, na halikuwa jasho.

"Angalia mbele!" alipiga kelele prefe, ambaye hakuelewa chochote. "Mpira uko mbele!"

Filimbi ya mapumziko ilipolia, mama aliteremka. Hakuzunguka kama watu wengine. Alivuka mstari mweupe, akakatiza uwanja na viatu vyake vya plastiki, mtoto begani, akapita mbele ya meza ya wasimamizi alipokaa mzee mwenye daftari la wachezaji na sista mkuu wa shule ile nyingine, na kumfikia kipa.

"Mama ya mutoto," alisema, kwa sauti ileile ya kuuzia dagaa, "mutoto iko na njala. Mupe ziwa kwanza, halafu utaendelea na masomo."

Yule mwanamke alimtazama prefe, akamtazama mtoto, na sijui wewe ungefanyaje, yeye alifanya jambo la maana. Alikuja akaketi kwenye benchi, kando yangu, akampa mwanawe ziwa.

Mzee wa daftari alivaa miwani. "Uyu mwanafunzi iko mwaka wa ngapi?"

"Wa sita," alisema prefe.

"Na mutoto?"

"Mutoto hatukumuandikisha."

Nadhani alikusudia kujitetea. Sista hakucheka. Alimgeukia mwalimu wetu wa dini, akamuuliza taratibu, "Mwalimu, huyu ni mwanafunzi wenu?"

Mwalimu alishika filimbi yake kama mtu anayeshika rozari. Prefe alikuwa akimtazama, na sote tulijua nani anaandika ratiba ya walimu na nani anaweza kuifuta. Mwalimu akasema:

"Hapana, Sista. Uyu hapana. Na bale babili, hapana."

Hakuomba radhi, si kabla wala baada.

Mzee alifunga daftari: kwa sheria, mechi ni ya masista, na kikombe pia. Prefe alikumbuka kwamba ana mkutano. Ungetegemea sisi wengine pia twende nyumbani, lakini sista alisema wasichana wake hawakuamka mapema kuja kumshinda mtoto anayenyonya, na kwamba kama sisi tuliokaa kwenye benchi tunataka, nusu iliyobaki ichezwe, kuanzia sifuri, bila kuandikwa popote.

Nilivaa jezi namba moja ikiwa na joto na maziwa ya mtu mwingine. Sitaipamba. Mpira wa kwanza ulinipiga puani. Kutoka safu ya tatu mama alisimama, akamwelekezea kidole msichana aliyerusha, akamtaka aseme anaitwa nani na wazazi wake wanakaa wapi. Ilibidi mwamuzi amwombe aketi. Wa pili niliudaka. Mkono wa kushoto wetu alirusha machungwa yake, wao wakarusha yao, na nusu ile ikaisha nane kwa nane. Masista walibeba kikombe. Sisi tulibeba chupa za maji.

Tukirudi Kenya nilimuuliza mama kama alikuwa ameelewa.

"Nielewe nini? Mutoto alikuwa na njala."

Nilimuuliza mara nyingi baada ya hapo. Jibu halikubadilika hata kwa neno moja, na ndiyo sababu sijawahi kuliamini.

Prefe alieleza mbele ya bendera kwamba shule yetu ilikuwa imeonewa wivu. Mwalimu wa dini alinyang'anywa timu, akapewa masaa ya kwanza ya Jumatatu na ya mwisho ya Jumamosi, akayafundisha kwa utulivu ambao nadhani ulimkera prefe kuliko matusi. Timu ilikabidhiwa kwa mtunza stoo, ambaye hakuwa na filimbi, ila alikuwa na binamu yake ofisini. Mwaka uliofuata masista walimchukua mkono wa kushoto wetu, bila karo na kwa viatu vipya. Alikuja kuniaga nyumbani, akalia, na miezi mitatu baadaye akanifunga mabao kumi na moja.

Yangekuwa zaidi. Lakini kabla ya mechi hiyo, siku moja ya Jumamosi, yule mwanamke mrefu alikuja sokoni, mtoto mgongoni, kumwomba mama msamaha. Alikuwa amecheza zamani, kwa klabu, hadi mimba ilipomtoa. Watu wa prefe walimwambia ni mechi ya kirafiki. Mama alimpa kiti na dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Kisha mwanamke akanitazama na kuuliza, "Njo weye kipa mwenyewe?"

Nilisema ndiyo, bila kujivuna.

"Unasimamaka mubaya. Unangojea mpira na mikono. Anza na miguu."

Alimtoa mtoto mgongoni, akampa mama, akaniweka kati ya magunia mawili ya mahindi na kuanza kunirushia viazi vitamu, pale pale, wateja wakipita. Viwili vya kwanza nilivikosa. Mama alisema viazi hivyo ni vya jirani, tuviokote vizuri.