Niliwanyima Samaki Chakula, Wakanenepa

Niliacha kuwalisha samaki wangu juma zima. Wakanenepa.

Najua unachotaka kusema. Hata mimi nilidhani macho yangu yamechoka. Lakini yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, tuliyembatiza jina la Mwenyekiti, alikuwa na kitambi. Kitambi kabisa, cha mtu anayehudhuria vikao vyenye chakula.

Vuta kiti nikusimulie, maana jambo hili bado linanichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Mimi ni fundi friji. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama watoto, na baba yake mzazi, mzee mstaafu aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mkewe. Namwita mama watoto kwa mazoea tu. Mtoto ni mmoja, binti, naye amekwenda kusoma mbali, safari ya ndege mbili.

Binti tulimwita Kamanda. Jina hilo alilipata kwenye tangi.

Tangi lenyewe liko sebuleni, la kioo, refu kama kochi. Ndani si maji ya bomba hivihivi. Ni maji ya chumvi kama ya baharini, na humo tunafuga samaki na konokono, pamoja na matumbawe hai. Wageni wakisikia matumbawe wanadhani ni mawe. Si mawe. Ni viumbe. Vinafunguka, vinajifunga, vinakula, na ukivikosea vinakufa taratibu huku unavitazama.

Enzi za Kamanda, Jumamosi ilikuwa siku ya tangi. Mimi nachanganya chumvi kwenye ndoo. Mama watoto anakatakata uduvi waliogandishwa, vipande vidogo kama punje za mchele. Mzee anasugua kioo kwa ile sumaku yenye sponji. Kamanda anasimama juu ya stuli na kipimo mkononi, anatufokea wote.

"Baba, chumvi imezidi! Babu, hapo kwenye kona umepapasa, hujasugua!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha akaondoka.

Hapo ndipo nilipogundua kitu. Mimi na mama watoto hatukuwa na ugomvi wowote, ila maneno yetu yote yalikuwa yanapitia kwa mtoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako kesho nitachelewa." Miaka nenda rudi. Sasa mpeleka habari amepanda ndege, na sisi hatujui tuanzie wapi.

Tukawa tunakula mezani watu wazima watatu, unasikia vijiko tu.

Mzee akimaliza anasema "ahsanteni", anaingia chumbani, anafunga mlango. Mama watoto anachukua simu, anatoka nyuma ya nyumba kwenye kamba za nguo, ananong'ona. Nikitokea, anakata.

Sitakuficha. Niliwaza mabaya.

Lakini na mimi nilikuwa na siri yangu. Siku ya kuondoka, Kamanda alinivuta pembeni pale uwanja wa ndege, akaninong'oneza.

"Baba, tangi nakuachia wewe. Wewe peke yako. Usimwambie mama wala babu, wataanza kubishana. Na kila siku unipigie uniambie samaki wameamkaje."

Mwenzenu nikavimba kichwa. Kati ya watu wote, kanichagua mimi!

Basi kila asubuhi kabla wenzangu hawajatoka vyumbani, nawatupia samaki chakula kidogo, cha kubana kwa vidole viwili. Nikifika karakana natoka nje, nampigia. "Mwenyekiti mzima. Konokono wazima. Lile la zambarau limefunguka vizuri." Anacheka, ananitania kidogo, basi. Mazungumzo hayo mafupi ndiyo yalikuwa siku yangu. Baada ya hapo ni friji za watu na ukimya wa nyumbani.

Lile la zambarau ni tumbawe la Kamanda. Alilileta likiwa dogo kama kidole gumba, akalilea mpaka likawa kama sahani.

Sasa, maji yakaanza kubadilika.

Kwanza kioo kikashika ukungu wa kijani. Halafu mwani ukaota kwenye mawe, mrefu kama nywele. Matumbawe yakaanza kujifunga. Moja, mawili, mwisho na lile la zambarau. Presha ikanipanda. Tangi hili likifa nitampigia mtoto kumwambia nini? Sina habari nyingine ya kumpa. Kazi yangu anaijua, afya yangu anaijua. Bila tangi, simu yangu haina pa kuanzia.

Nikachota maji kwenye chupa, nikampelekea muuza samaki wa mapambo. Akadondosha matone yake ya dawa, maji yakageuka mekundu pyu.

"Fundi, unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja. Asubuhi."

"Unamwaga debe?"

"Kidogo tu! Cha vidole viwili."

Akanitazama kama daktari anayemtazama mlevi. "Haya maji yamejaa chakula kilichooza. Mimi sina ugomvi na wewe, ila kwa hiki kipimo, unawalisha kama unafuga nguruwe."

Nilitoka pale nimenuna. Nikasema sawa, dawa ni moja. Siwapi kitu. Juma zima.

Na kama nilivyokwambia, wakanenepa.

Siku moja mwenye hoteli niliyekuwa nakwenda kumtengenezea friji akaahirisha. Nikarudi nyumbani kabla ya saa sita, nikapitia mlango wa jikoni. Nikasikia sauti sebuleni.

Ilikuwa ya mama watoto. Laini, ya kubembeleza. Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia muda mrefu kiasi kwamba nilidhani kuna mgeni.

"Kula, kula baba. Umeamkaje? Mimi sijalala vizuri. Nyumba imekuwa kubwa hii, hata sielewi. Naongea na wewe tu siku hizi."

Nikachungulia. Amechuchumaa upande wa kushoto wa tangi, kikopo mkononi. Mwenyekiti anacheza mbele yake kama mbwa aliyemwona bwana wake.

Jamani, niliona wivu. Wivu wa samaki! Nilisimama pale na mfuko wa spana begani.

"Mama watoto."

Akaruka, kikopo kikaanguka. "Umenishtua! Saa hizi umerudi kufanya nini?"

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Huoni? Nawalisha. Wewe tangu mtoto aondoke umewahi kuwatupia hata jicho?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyekabidhiwa hawa!"

"Na nani?"

"Na Kamanda."

Akakaa chini sakafuni. "Hapana. Kamanda alinikabidhi mimi. Tukiwa tunafunga masanduku. Akasema mimi peke yangu, nisikwambie wewe wala babu, mtabishana."

 Mara mlango wa chumba cha mzee ukafunguka. Akatoka na kandambili zake, polepole, amebeba kijiko cha chai kimejaa chakula cha samaki. Alipotuona, akakificha mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Mzee," nikamwambia, "hicho ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Akafikiri. "Ya Mwenyekiti," akajibu.

Tulicheka. Mama watoto alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, mimi nikashikilia ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege.

Kisha macho yetu yakaangukia lile tumbawe la zambarau. Upande mmoja ulikuwa umeshakuwa mweupe kabisa. Kicheko kikakatika. Watu watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja na siri yake, kila mmoja na kijiko chake, tulikuwa tunalimaliza.

"Na zile simu za kwenye kamba za nguo?" nikauliza.

"Nampigia Kamanda. Namweleza samaki wameshindaje. Wewe ulidhani nampigia nani?"

Nikajikausha.

"Mimi humpigia jioni," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Namsomea kipimajoto cha tangi."

Tukampigia palepale, simu juu ya meza, sauti wazi.

"Haloo, baba? Mbona leo umepiga saa hizi?"

"Niko na mama yako. Na babu yako. Tuko mbele ya tangi."

 Mama watoto akaisogelea simu.

"Kamanda," mama yake akasema, "kwa nini ulituzunguka? Si ungetuambia wote pamoja?"

"Ningewaambia pamoja, mngepangiana. Mngemchagua mmoja wa kulisha." Akavuta pumzi. "Na huyo mmoja ndiye angenipigia."

Mzee akaweka kijiko chake mezani.

"Mama, huku kuna siku inaisha sijafungua mdomo. Nakwenda darasani, narudi, nafunga mlango. Simu zenu tatu ndizo siku yangu. Niliogopa mkikosa la kuniambia, mtaacha. Baba, wewe tangu lini umempigia mtu bila sababu?"

Ndugu zangu, kanipata. Miezi yote ile nilikuwa najihurumia, nikidhani upweke wote wa ukoo umehamia kwenye kochi langu. Kumbe mwanangu kaubeba peke yake, tena ugenini.

"Na la zambarau?" akauliza.

Mama watoto akanitazama. Nikamwambia ukweli. "Nusu imekufa, mwanangu."

Alilia. Sisi tulisimama tunaitazama simu, hatuwezi hata kumshika bega.

Kazi ilianza mchana uleule. "Baba watoto, niletee ndoo," mama watoto akaniambia, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Tukang'oa mwani, tukamwaga maji, tukachanganya mapya. Upande uliokufa niliukata kwa koleo. Uliobaki ulichukua wiki kadhaa, lakini ukafunguka. Ule uliokatwa haukurudi.

Siku hizi tunalisha kwa zamu. Kupiga simu hakuna zamu.

Funzo langu ni dogo. Mtu wako akiwa mbali, usingoje upate habari ya kumpa. Habari itachelewa, au haitakuja kabisa, na yeye yuko kule anaitazama simu.

Mimi jana ndiyo nilijaribu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa karakana, nimekaa juu ya friji bovu.

"Baba! Kuna nini? Samaki wamekufa?"

"Samaki wazima."

"Babu anaumwa?"

"Babu mzima."

"Sasa?"

"Hakuna kitu. Nimekupigia tu."

 Nilisikia mlango unafungwa upande wake, kisha kiti kinavutwa.

"Baba," akasema, "usikate kwanza."