Gari la Kurudia Nyumbani

Jumamosi iliyopita niliuza gari la baba, na tangu siku hiyo nikifungua mlango wa nyuma asubuhi naona doa la oili tu pale uani. Wewe uliyewahi kufika kwetu Kyebando unalijua: lile jekundu la zamani, la milango miwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Gari la wazi katika mji wenye mvua kama Kampala! Jirani yetu, mjane wa polisi kutoka kaskazini, alicheka mpaka akashika mbavu kila alipotuona mimi na baba tukigombana na turubai huku tunalowa.

Baba alikuwa fundi magari Nakivubo. Alitoka Kenya, upande wa magharibi, akiwa kijana, kuja kufanya kazi mwaka mmoja tu. Gari lenyewe alilinunua likiwa bovu kwa mwajiri wake aliyekuwa anahama, akalifufua kipande kwa kipande. Siku lilipowaka alitutangazia kwamba hilo ndilo litakaloturudisha nyumbani kwa nyanya, mama yake, paa likiwa wazi.

Basi Desemba ya kwetu ilinukia petroli na mandazi. Shule ikifungwa tu, mimi na baba tulijitia chini ya gari. Kazi yangu ilikuwa kusugua plagi kwa mswaki mkuukuu, na kumpa spana kabla hajataja namba yake. Akifurahi alisema binti yake ni fundi kuliko mafundi wa Nakivubo. Jikoni mama alikaanga mandazi ya safari, akachemsha mayai, akayafunga kwenye gazeti. Mabegi yakapakiwa. Halafu asubuhi ya kuondoka baba analiwasha, anainamisha kichwa kusikiliza, anazima. "Bado," anasema. "Mwaka huu klachi haitafika mpakani." Mwaka mwingine kabureta. Mwaka mwingine breki. Tulikula mayai yetu tukiwa tumeketi ndani ya gari palepale uani, kisha tukaenda kupanda basi. Niliamini kwamba hatukufanya kazi ya kutosha, na mwakani nitasugua plagi vizuri zaidi.

Baba alipofariki tulimsafirisha nyumbani kwa gari la kukodi, na lake likabaki. Mimi nikarithi spana. Nilikuwa nimemwahidi alipokuwa kitandani anaumwa kwamba siku moja nitalifikisha kwao, na kwa miaka kumi na miwili nimehangaika nalo: nimezunguka mji mzima kutafuta gasketi, nimeshonesha turubai mara mbili kwa fundi wa viti Kamwokya, na kila Desemba nimemwambia mama kwamba bado kidogo. Sasa mgongo wangu umekataa kulala chini ya gari, na mama hawezi kupanda wala kushuka bila kushikwa. Nikatafuta mnunuzi, na niliona aibu kama mtu anayemgeuka baba yake.

Mnunuzi hukodisha magari ya harusi. Alilizungusha mtaani, akarudi, akafungua boneti, akatabasamu.

"Nnyabo, hii gari iko muzuri sana. Injini haina kelele. Hata leo naweza enda nayo mpaka Kisumu na narudi."

Nikamgeukia mama aliyekuwa ameketi barazani. "Mama, umesikia? Anasema linafika."

"Ilikuwa inafika tangu siku ya kwanza, mwanangu. Baba yako ndiye alikuwa anaogopa. Watu wakimwona anaingia na gari kama hiyo, watasema amerudi kukaa. Na yeye hakutaka kurudi kukaa. Alipenda hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unafurahi sana huko chini ya gari na yeye. Ningekuambia nini?"

Nilitia saini nikilia, na sikujificha. Mnunuzi akakunja turubai, akaondoka paa likiwa wazi.

Tangu hapo ninamfikiria nyanya. Boma lake lilizungukwa na ua wa minyaa, na mlango wake ulikuwa mpana ajabu, trekta ingepita, ilhali simkumbuki mtu aliyefika pale na chombo zaidi ya baiskeli. Kila Desemba tulikuta minyaa imekatwa upya pande zote mbili, utomvu mweupe bado unachuruzika. Tulipita hapo kwa miguu, mabegi kichwani, naye amesimama katikati, anatazama kwanza nyuma yetu, ndipo anatukumbatia. Mimi nilidhani maboma yote ya kwetu yana milango mipana hivyo. Leo, nikiwa mtu mzima, ndipo naelewa kwamba kila mwaka alikuwa akilikatia gari njia. Nyanya ameshakwenda, na minyaa, nasikia, imekutana. Siku hizi mtu hupita pale kwa ubavu.