Nilienda Bagamoyo na wakwe kutazama ngome, nikarudi bila bakora yangu

Wakuu, habari za muda huu. Wadogo zangu wa humu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika.

Hii sijahadithiwa. Mie nilikuwepo, mke wangu alikuwepo, na goti langu la kushoto ni shahidi wa tatu. Atakayesema ni chai, akainywe kwake.

Kwanza mjue anayeongea ni nani.

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba alifariki kule Sikonge, Tabora. Darasa la nne likaishia hapohapo. Nikapanda treni na mjomba mpaka Dar. Mjomba akanifikisha sokoni Kariakoo, akasema "jitafutie", akapotelea anakokujua yeye.

Kazi niliyoipata ni kubeba. Magunia ya viazi, mikungu ya ndizi, makabati ya watu. Nilibebaga kwa kichwa mpaka nywele za utosini zikakata tamaa.

Kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, ipisheni. Wapo humu wanaoandika vizuri sana na bado wamepanga.

Sasa ishu yenyewe.

Binti yangu wa mwisho, Tatu, kapata mchumba. Kijana anaitwa Shafii. Mpole, ana adabu, ana kazi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni baba yake.

Baba yake ni Mzee Kibwana, Mzaramo wa Kinondoni. Huyu bwana hamalizi kikombe cha kahawa bila kusema "sie watu wa ngome". Anadai ile ngome ya Bagamoyo ni ya ukoo wao. Ukimuomba chumvi mezani, utaelezwa kwanza chumvi ilivyokuwa ikihifadhiwa ngomeni.

Mie ni Mnyamwezi. Na kwa msiojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, toka enzi babu zetu wanashuka pwani kwa miguu wakipitia kwao. Mtani anaweza kukusema vibaya msibani kwako, akaingia kaburini akalala humo, akazuia mazishi mpaka apozwe na kitu. Hakuna wa kumgusa.

Lakini mkwe ni habari nyingine. Mkwe unamwinamishia macho. Mkwe ukimkuta anakula, unajifanya umekosea nyumba.

Sasa mie Mungu kanipa vyote viwili kwenye mtu mmoja. Mkwe huyo, mtani huyohuyo. Toka siku ya posa nilichagua ukwe. Nikawa nameza tu.

Posa ilishapokelewa, mambo ya mahari tulishamalizana. Kilichobaki ni kutaja siku ya ndoa.

Mzee Kibwana akasema siku hiyo haiwezi kutajwa sebuleni kama za watu wengine. Itatajwa Bagamoyo, juu ya ngome ya wazee wake, familia zote mbili zikisikia. Akakodi Coaster. Akatafuta na kampuni ya utalii itupe mtu wa kututembeza siku nzima. Fulana zikachapwa: UKOO WA NGOME. Na sie tukaletewa. Yangu ilinibana tumboni nikaonekana kama nimevikwa foronya. Nikaivaa.

Asubuhi pale kwangu Mtoni, kabla hatujatoka, Tatu akanivutia jikoni.

"Baba, leo tu nakuomba. Akisema lolote, wewe sema naam. Kaka yake Shafii uchumba wake ulivunjwa na huyu mzee kwa neno moja la mkwe."

"Neno gani?"

"Aliuliza kama ngome ina hati."

Nikacheka. Tatu hakucheka. Nikaona macho yameshajaa maji, nikamwahidi.

Nikachukua bakora yangu ya mpingo, tukaondoka. Hiyo bakora Tatu ndiye aliyeninunulia kwa mshahara wake wa kwanza, goti lilipoanza kunisumbua. Sisafiri bila hiyo. Ishikeni kichwani hiyo bakora.

Kinondoni tukawachukua wakwe. Mzee Kibwana kapanda na kanzu, juu ya kanzu fulana, juu ya fulana koti, na miwani ya jua wakati jua lenyewe bado linajifikiria. Kamleta na mama yake mzazi, Bibi Mwamvua, mtu mzima sana, mdomoni tambuu. Akawekwa kiti cha mbele. Akalala mpaka Bunju.

Kituo cha kwanza kilikuwa magofu ya Kaole. Misikiti ya mawe iliyobaki kuta, na makaburi ya watu wa zamani sana. Mwongozaji wetu binti mmoja anaitwa Neema, mwembamba, ila sauti ya kuita watu ng'ambo.

Neema akasimama kwenye kaburi lenye nguzo ndefu, akasema aliyezikwa hapo hajulikani.

Mzee Kibwana akakohoa. "Hajulikani kwenu. Kwetu anajulikana."

"Ni nani, mzee?"

"Babu."

Tukaenda kaburi la pili. Babu. Lililofuata, babu mdogo. Tunakaribia kumaliza eneo, babu wakawa wamemwishia, akaanza mashangazi. Kufika kisimani, kumbe kilichimbwa na mjomba.

Kila akinigeukia nasema naam. Mke wangu kila nikisema naam ananifinya mkono kwa pongezi. Ndoa yetu haijawahi kuwa na amani kama asubuhi ile.

Mchana tukala samaki, tukaingia mjini Bagamoyo, kwenye ngome yenyewe.

Niseme ukweli, jengo ni zito. Kuta nene, mtu unaweza kulala kwa upana wake. Neema akaeleza: alilijenga Mwarabu, akaja Mjerumani, akaja Mwingereza, serikali, polisi. Mzee Kibwana akadakia kwamba kabla ya wote hao kiwanja kilikuwa chao.

Naam.

Kuna chumba cha chini, giza. Neema akashusha sauti, mara ya kwanza siku ile. Akasema inasemekana humo walifungiwa watu wa kuuzwa, wakisubiri kuvushwa. Mpwa wa Mzee Kibwana akawasha taa ya simu, akatoa ulimi, akapiga selfie. Fulana nyeupe, imeandikwa UKOO WA NGOME, mle ndani. Wenzake wakajipanga nyuma yake na wao watoe ndimi.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Hapo sikuwa na utani na mtu.

Bibi Mwamvua ngazi hakuziweza, akaachwa uani kwenye kiti cha plastiki. Sisi tukapanda juu. Mzee Kibwana akasogea ukingoni, akarekebisha koti, akawa anasafisha koo ataje siku. Tatu kamshika mkono Shafii. Neno moja tu lilikuwa limebaki.

Ila Neema, mtoto wa watu, alikuwa hajamaliza somo lake. Akasema hapa Bagamoyo ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikiishia. Wanyamwezi walitembea miezi, pembe za ndovu mabegani, wakifika wanatua mizigo.

Mzee Kibwana akasahau na siku ya ndoa.

"Eeeh, hapo sasa! Mkwe, hao si ndio wenu? Wazee wetu walisimama hapahapa juu, wanawatazama wenu wanakuja kama siafu! Na nasikia hata wewe mjini ulikuja kubeba. Mtu haachi kazi ya ukoo!"

Watu wakacheka. Wa kwake wakacheka kwa nguvu, wa kwangu kwa adabu. Shafii tu hakucheka.

Nimebeba, wakuu. Sijawahi kuona haya. Ila anicheke mtu aliyewahi kunyanyua kitu. Huyu bwana karithi nyumba, kaipangisha, kakaa barazani miaka yote. Mzigo mkubwa aliowahi kuubeba ni hiyo miwani.

Nikamtafuta Tatu kwa macho. Anatikisa kichwa polepole. Nikasema, "Naam."

Naapa nilidhani yameisha. Kumbe kulikuwa na lingine nyuma yake.

"Dada Neema," nikasema, "katika kusoma kwako, kuna Mzaramo yeyote aliyewahi kukaa ndani ya ngome hii?"

Neema kesi haijui. Akafikiri vizuri, akajibu kwa moyo wote: "Lazima watakuwepo, mzee. Kuna kipindi palikuwa mahabusu."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na kicheko.

"Basi mkwe tumepatana," nikasema. "Wangu alikuwa hapo nje, anatua mzigo anaenda zake. Wako alikuwa humu ndani, anasubiri dhamana. Ukoo wa ngome, nimekubali, hakuna cha kuomba hati!"

Hilo la hati lilitoka lenyewe, wakuu. Sikulituma.

Mzee Kibwana akavua miwani. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake. Akasema taratibu, "Shukeni chini. Hakuna ndoa." Akazishika ngazi.

Tatu akakaa chini sakafuni na nguo zake nzuri. Mke wangu akaniambia neno moja, "Umeshiba?", akaenda kukaa naye.

Mie watu wamenitishia maisha Kariakoo, sikuwahi kuogopa. Pale juu niliogopa. Nikamfuata yule bwana na goti langu, ngazi baada ya ngazi, sijui hata nitamwambia nini.

Uani nikamkuta kasimamishwa na mama yake.

"Kibwana! Unakwenda wapi?"

"Mama, nimetukanwa ukweni."

"Nani kaanza?"

Akarekebisha koti.

"Nauliza nani kaanza habari za mizigo? Sauti yako nimeisikia mpaka hapa. Hata samaki wamekusikia."

"Mama, mie nilikuwa natania."

"Na yeye ulitaka akujibu nini, akusomee Yasini?" Bibi akatema tambuu pembeni. "Umemwita mtani, mtani kaja. Sasa unakimbia kujificha kwenye ukwe! Toka nizaliwe, mtani akinuna yeye ndiye mwenye kosa. Una makosa, Kibwana. Na hiyo ngome usinitie aibu. Baba yako alikuwa anauza kashata pale Magomeni."

Wakuu, nilitamani nicheke mpaka nilale. Sikupata nafasi.

"Na wewe kichwa kinu! Njoo hapa."

Nikasogea, nikainama kwa heshima. Nilipoinama tu, bakora haipo. Yule bibi ambaye asubuhi alipandishwa garini na watu wawili, mkono wake sikuuona ukipita.

"Mtani wako umemjibu, sawa. Lakini umemjibia mbele ya wanawe, na yeye ni mkwe wako. Hiyo utailipa. Bakora hii inalala kwangu."

"Mama, goti langu..."

"Goti lako litajijua. Nataka asali ya Tabora, dumu zima. Ukinichanganyia sukari naivunja hii fimbo naipikia maharage. Na isije na gari mpaka mlangoni. Utashukia barabara kubwa, utajitwisha kichwani mwenyewe, upite mtaa mzima wa Kinondoni watu wakuone, kama babu yako. Siku ya harusi. Mfungo Mosi, Idi ikishapita."

Watu walikuwa wameshashuka, wamesimama kwenye ngazi. Nikasikia Tatu anauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, siku ya nini?"

"Ya harusi yako, wee kiziwi. Mwanamke gani huyu tunayemuoa!"

Kisha akamnyooshea mwanawe bakora, bakora yangu. "Na wewe utasimama mlangoni umtue. Kwa mikono yako. Hujawahi kumtua mtu mzigo toka nikuzae. Utajifunza uzeeni."

Wanawake wakapiga vigelegele, pande zote mbili. Neema naye akapiga, ingawa nadhani hakuwa ameelewa kitu.

Kurudi garini sikuwa na bakora. Bibi akaamuru mwanawe anipe bega. Basi tukatoka ngomeni, mwenye ngome na mpagazi, nimemwegemea kama nimeumizwa vitani.

Njiani akaninong'oneza, hataki wengine wasikie: "Hivi kweli palikuwa mahabusu?"

"Muulize babu yako. Si yuko pale Kaole."

Akacheka, wakuu. Yule bwana akacheka mpaka tukayumba wote wawili, tukakaribia kuanguka.

Funzo nililopata ni hili. Ukiozesha kwa watani, kubalianeni mapema ni siku gani za heshima na siku gani za maneno. Msije mkajulia juu ya ghorofa. Na nyie wa kudai mababu kwenye kila kaburi la mawe, chukueni na aliyekuwa mle chumba cha giza, na yeye alikuwa babu wa mtu. Mbona huyo hamumgombei?

Walioolewa au kuoa kwa watani, shusheni yenu hapa tuyasikie. Wataalamu wa historia mnaotaka kunisahihisha, sahihisheni, ila mwanze na shikamoo.

Na kwa wale wa "mzee wewe una nini sasa?", nilichonacho leo ni hiki:

Nyumba moja Mtoni, ya kwangu, nimeijenga. Fremu za duka upande wa barabarani.

Mashine ya kufyatulia matofali na vijana wanaokula hapo.

Kirikuu kimoja cha kubebea mizigo, na kinatembea.

Shamba la minazi Mkuranga.

Mke mmoja, ameanza tena kunisemesha.

Ngome sina.

Dumu la asali, limefika juzi kutoka Sikonge, liko chini ya kitanda. Jioni najitwisha nazunguka nalo uani, shingo ikumbuke kazi.

Bakora ya mpingo, moja. Iko Kinondoni.