Koti la Kupungia Kijiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa klarineti yenye ufa, nikaambiwa nisiipulize. Ilikuwa bendi ya askari pale Gilgil, miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza, na mimi Hamisi nilikuwa kijana wa Nakuru mjini, mtoto wa fundi cherehani. "Wewe hapana piga," Bwana Bandimasta aliniambia. "Wewe sikia kwanza." Bandimasta ndiye mkuu wa bendi, na huyu wetu alikuwa Mwingereza mwenye masharubu na nishani, aliyeamini kwamba muziki wote duniani ni gwaride. Basi nikasikia, miezi na miezi, hata nikaijua sehemu ya kila mpigaji.

Nawaeleza haya nyinyi vijana kwa sababu nimechoka kuulizwa swali moja. Nimeongoza okestra na opera katika nchi za watu karibu maisha yangu yote ya kazi, nimestaafu na kurudi nyumbani, na kila harusi ninayokwenda mtu ananishika mkono: "Mzee, kwani wewe ulikuwa unapiga nini?" Sikuwa napiga kitu! Mwongozaji hapigi kitu. Ana kijiti chembamba, na kazi yake ni kuufanya umati wa watu uvute pumzi pamoja. Nikimaliza kueleza, huyo mtu ananitazama kwa huruma, kisha ananiongezea pilau.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa baba. Nilipoenda nyumbani kumwambia kwamba nimepandishwa cheo, kwamba sasa mimi ndiye ninayeongoza mazoezi ya bendi, aliacha kukanyaga cherehani.

"Wenzako wanapuliza?"

"Wanapuliza, baba."

"Na wewe?"

"Mimi nawaongoza kwa kijiti."

"Kwa kupunga."

"Ndiyo, kwa kupunga."

Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Mtu mzima wewe, Hamisi. Tafuta kazi."

Kila likizo ilikuwa ni hayo hayo. Yaliniuma, sitaki kusema uongo. Nilichotaka ni baba aje anione mara moja tu, nikisimama mbele ya watu.

Aliyenifundisha kupunga hasa si Bandimasta. Ni Mtaliano mmoja tuliyemwita Maestro, jina la heshima wanalopewa waongozaji kwao. Aliongoza opera Ulaya kabla ya vita, akatekwa Uhabeshi, akaletwa Kenya mfungwa, na vita vilipokwisha akabaki Naivasha akisimamia ng'ombe wa maziwa wa setla mmoja. Sasa, opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawazungumzi, wanaimba, hata wakitaka maji ya kunywa. Chama cha kina memsahibu wa Nakuru kilitaka kuonyesha opera mjini, kikamwazima Maestro kutoka kwa ng'ombe na kutuazima sisi kutoka Gilgil. Fidla walipiga wake wa masetla wenyewe, Mungu awasamehe.

Maestro alinifanya msaidizi wake, na hakunipa raha. "Hamisi! Mkono yako kama polisi ya barabara! Pumua! Kama wewe hapana pumua, mama ile tapumua saa gani?" Alikuwa akisema juu ya pigo la kutayarisha, yaani kijiti kinapopanda kabla sauti haijatoka. Hapo ndipo mwimbaji anapovuta pumzi. Kikipanda taratibu, wimbo utatoka taratibu. Bandimasta hakuwa na pigo hilo kabisa. Yeye alishusha mkono tu kama anayeua nyoka.

Baba naye akapata tenda ya kushona mavazi ya waimbaji, na siku ya onyesho alitakiwa awe nyuma ya jukwaa na sindano yake. Asubuhi ya siku hiyo Maestro akaangushwa na malaria. Akatuma neno kutoka Naivasha: Hamisi aongoze, hakuna mwingine anayeijua kazi yote. Baba angeniona!

Kumbe najidanganya. Mwenyekiti wa chama, memsahibu ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu, aliposikia alikaa chini. "Haiwezekani. Mwafrika nasimama mbele ya wazungu na fimbo, wakati hii ya Hali ya Hatari, Mau Mau kila mahali?" Fimbo! Kitu chenye uzito wa penseli!

Wakashauriana, wakaja na akili yao. Bandimasta asimame mbele na nishani zake. Mimi nisimame pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia jeusi, mahali ambapo waimbaji na wapigaji wananiona lakini watazamaji hawanioni. Bandimasta aige mkono wangu. Nilitaka kurudi Gilgil kwa miguu. Lakini wenzangu walikuwa wameshakaa na vyombo vyao, na baba alikuwa palepale, pini mdomoni, akibana kiuno cha mtu. Nikasimama nyuma ya pazia.

Anayeiga huchelewa, na Bandimasta alichelewa tangu wimbo wa kwanza. Askari wangu hawakumvumilia. Wakageuza shingo mmoja mmoja kunitazama mimi, kisha na kina mama wa fidla wakageuka, hata okestra nzima ikawa inatazama upande kama mbuzi walioona shamba la mahindi. Mwenyekiti mwenyewe alimwimbia mpenzi wake wimbo wa mahaba, mpenzi yuko kulia, yeye macho kodo kushoto, kwangu. Watu ukumbini wakaanza kunong'onezana. Lakini tulifika mwisho salama, sote pamoja. Makofi yakalipuka. Bandimasta akainama, akainama tena, akapewa maua.

Nikageuka, shati limelowa. Baba alikuwa nyuma yangu, na kumbe hakuwa ameondoka hapo tangu mwanzo. Nikangoja nisikie "tafuta kazi". Alitoa pini mdomoni.

"Mbona wamekuficha?"

"Hawataki nionekane, baba."

Akafikiri. "Kwa kazi ya bure hafichwi mtu," alisema. Kisha akavuta futi yake ya kupimia shingoni. "Inua mikono. Juu zaidi, kama ulivyokuwa."

Miaka miwili baadaye, kwa msaada wa Maestro, nilisafiri kwenda kusoma Ulaya, na ndani ya sanduku langu mlikuwa na koti jeusi alilonishonea baba. Nilisimama nalo mbele ya watu katika miji mingi, chini ya wakubwa wengi, wengine wabaya kuliko Bandimasta. Baba alifariki nikiwa huko. Hakupata kuniona mbele ya pazia hata siku moja, na hilo linaniudhi mpaka leo kuliko maswali yenu yote.

Koti lipo kabatini. Juzi mjukuu wangu alilitoa, akalishika mabegani, akacheka. "Babu, hili limeshonwa vibaya. Ona lilivyojaa kwapani. Fundi alikosea."

Nilitaka kugomba, nikaona ya nini. Nikalivaa, nikamwambia anitazame vizuri. Nikiwa nimeshusha mikono, kweli, limekaa hovyo. Nikavuta pumzi, nikainua mikono yote miwili juu, na koti la baba likanikaa sawasawa.