Swali la Tisa

Mektilda, karani wa mahakama ya mwanzo pale Ushirombo, alikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia hata padri: mtihani wa kidato cha sita aliufanya mara mbili.

Mara ya kwanza, mwaka 1975, alianguka vibaya. Na baba yake, mzee Kamili, asiyejua kufunga mdomo, alikuwa keshatangaza kanisani kwamba binti yake anakwenda kusomea sheria! Mektilda alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyumbani akasema matokeo yamepotelea njiani, yanatafutwa. Mwaka uliofuata akaaga kwamba anakwenda Kahama kumuuguza shangazi, kumbe yuko Shinyanga anarudia mtihani. Akafaulu, tena vizuri, akasema matokeo ndiyo kwanza yamepatikana. Wanasema njia ya mwongo fupi, lakini ya kwake ilimfikisha hadi 1978.

Mwaka huo ikaja fomu ya chuo kikuu. Swali la tisa: je, umewahi kurudia mtihani huu? Mektilda alikuwa amesikia watu wakisema wanaorudia hawapewi nafasi ya sheria, sheria inataka vichwa. Akaandika, "Hapana."

Ikabaki barua ya mwajiri, maana siku hizo mtu alitakiwa kufanya kazi kwanza, na bila barua hiyo chuo hakimpokei. Hakimu Donatus aliiandika kwa mkono, akampa Mektilda mwenyewe aipige chapa. Pale mahakamani mpiga chapa alikuwa yeye tu. Mistari miwili ikaenda vizuri. Wa tatu ulisema: "Kwa miaka miwili niliyofanya naye kazi, sijapata kumkuta na uongo."

Vidole vikagoma. Yeye huyo ndiye aliyewashikisha mashahidi Biblia kila asubuhi waape! Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Akainuka, akaipeleka fomu mezani kwa hakimu.

"Mzee, swali la tisa nimedanganya. Mtihani nilirudia."

Hakimu akavua miwani. "Kwa nini sasa, mwanangu?"

"Aibu, mzee. Na niliogopa wakijua hawatanichukua."

"Nani kakudanganya? Wao wanatazama alama ulizopata. Mwaka juzi nilimwandikia barua Masele, karani aliyekutangulia hapa. Alirudia mara mbili, kwenye fomu aliandika hivyohivyo, na sasa yuko huko anasoma sheria."

Lo! Miaka yote hiyo msichana wa watu anajitesa kuficha kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Mektilda akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

Hakimu akamwambia aikate ile "Hapana" kwa mstari mmoja na kuandika "Ndiyo", halafu yeye akasaini pembeni na kugonga muhuri, kama wafanyavyo kwa hati yoyote iliyosahihishwa. Mektilda akashukuru, akarudi kwenye mashine yake akijiona mwepesi.

"Na hiyo barua," hakimu akasema, bila ukali wowote, "mstari wa tatu uruke. Siwezi kuusaini tena."