Mwari Aliyenuka Papa

Harufu ya tui lililochacha haikai puani tu, hushuka hadi kooni. Msimu wa harusi ya dada yangu Rukia, nyumba yetu ya Kismayu ilinuka tui hilo tangu mlangoni. Shangazi Mwanaesha ndiye aliyekuwa somo, mwenye kumtunza mwari ndani mpaka siku ya harusi. Alikuna nazi, akakamua, akaacha tui lilale hadi povu lipande, kisha akalichemsha mpaka mafuta yajitenge na mashapo ya kahawia, ndipo akatia asmini na rehani. Wengine walisema yananukia. Mimi, msichana mwepesi wa kinyaa, niliona ni nazi mbovu iliyovishwa maua. Kazi yangu ilikuwa kumpepea Rukia akishapakwa, na pua nimeibana. Ngozi yake ilikuwa nyororo, iking'aa weusi wake wote. Nalisema hilo kwa shingo upande.

Balaa lilikuwa pua ya shangazi, iliyokufa zamani kwa ugoro. Na baba, mvuvi wa Darakasi aliyehamia mjini, aliweka sifa uani. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Hupakwa mashua mbao zisiliwe na wadudu, na uvundo wake humtoa mtu machozi. Yalikuwa kwenye chupa ya soda, kama yale ya nazi. Siku wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja kumtazama mwari, shangazi alinyoosha mkono, akatwaa chupa, akampaka Rukia toka utosini hadi nyayoni, akijisifu kwamba mkono wake hauna mpinzani. Rukia alitapika mkekani. Nami nikatapika kwa kumwona.

"Nyamazani," akasema shangazi. "Dawa njema hunuka."

Nilimchukia siku ile kuliko kitu chochote duniani. Tulimsugua dada kwa sabuni na ndimu, wapi! Hodi ikapigwa. Rukia alikuwa akilia, maana akikataliwa leo, mji mzima ungejua sababu. Wageni wakaingia, leso zikapanda puani. Shangazi akaanza kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti hayo ni manukato ya visiwani. Mama wa bwana harusi, mwanamke wa Burgao, akainama shingoni pa dada, akanusa, akainuka amekunja uso.

"Mchu huyu anuka papa!" akasema kwa Kibajuni chake. "Sikuya kuposa papa mimi!"

Rukia akajifunika uso. Lakini yule mama alivua buibui lake, akaagiza mafuta ya simsim, yale yanayokamuliwa kwa kinu cha ngamia, akampaka, akampangusa kwa kitambaa cha maji moto, tena na tena, mafuta yakatoa mafuta, huku akimtukana shangazi kwa Kibajuni na Kisomali bila kupumzika. Harusi ikafungwa. Uvundo ulibaki kidogo nyuma ya masikio.

Sasa tuko Mombasa, na juzi aliyewekwa ndani ni binti wa Rukia. Hapana nazi iliyokunwa. Niliingia chumbani nikapokewa na harufu tamu ya waridi na makopo ya mkorogo, yamechorwa nazi ubavuni, na nazi yenyewe haikupita hata karibu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mashavu ya mtoto yamechunika, shingo imewiva, viungo vya vidole tu ndivyo vimebaki vyeusi, na chini ya waridi nilinusa ngozi iliyoungua. Uvundo wa sifa ulikuwa afadhali. Yule mama wa Burgao alitutukana, lakini alimwosha dada yangu kwa mikono yake. Hawa wakwe wa mtoto, waliokuja kumtazama, hawakumtukana mtu. Walimzunguka wakipiga vigelegele: mashallah, amekuwa mweupe!

"Mtoto ameungua," nikasema. "Mpelekeni hospitali."

Mmoja wao akasema nina kijicho, na Rukia akaitikia.