Matusi ya Mapacha wa Apendi

Ukuta wa nyumba ya Apendi ndio ukuta wa jiko langu, kwa hiyo msiniulize nimejuaje. Amezaliwa kijijini Petta, kwa Wapadhola, akaolewa hapa Busia, akamzika mumewe hapa, na tangu nimjue anauza muhogo wa kukaanga karibu na waya wa mpakani. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hana makuu. Akipata mafuta ya kukaangia na mtu wa kumtania, siku yake imekwisha vizuri.

Waya huo ulisimamishwa na Mamlaka walipoifunga nchi. Zamani ungevuka kununua chumvi ukarudi kabla sufuria haijachemka. Sasa kila mlingoti una jicho la kutazama na sikio la kusikiliza, na kipaza sauti kinatukumbusha asubuhi na jioni: kumsalimia mtu wa ng'ambo ni kosa, kumpungia mkono ni kosa, kumpa habari ni kosa. Kumkemea adui, hiyo ruksa, tena ndio uzalendo. Kaka yangu Fidel alimwambia shemeji yake "pole na msiba" pale pale kwenye waya. Lori likamchukua. Aliporudi hakutaka kuongea na mtu, hata mimi dada yake. Basi tukajifunza kufunga midomo. Muhogo ulizidi kuuzwa, na watu walicheka, ila chini chini.

Halafu mkamwana wa Apendi, Kate, Msamia wa ng'ambo aliyeolewa na mwanawe Owori kabla ya waya, akajifungua mapacha, dume na jike. Wee! Apendi alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akakaa kitako, akashika tama.

Huku kwetu, uwe Mpadhola, Msamia au Mteso kama mimi, pacha hatolewi nje hivi hivi. Lazima watu wa upande wa mama waje wawatukane watu wa upande wa baba, na hao wajibu, matusi ya nguoni kabisa, mpaka wote wavunjike mbavu. Hapo ndipo watoto hupewa majina na kuona jua. Ukiwatoa bila hivyo, wataugua. Tunaamini hivyo na sitaki ubishi. Na mtu wa upande wa mama ni Benedeta, mama yake Kate, aliye ng'ambo ya waya. Kate alikuwa anajifungia gizani na watoto wake, uso umempauka, kila siku anauliza, "Mama, tutafanyaje?"

Alhamisi, siku ya soko, Benedeta alisimama upande wake kama kawaida, akitutazama bila neno. Apendi akafuta mikono.

"Nakwenda kumtukana," akaniambia.

"Nani?"

"Mama Kate."

"Apendi, umerukwa na akili?"

"Si wamesema ruksa?"

Akaenda mpaka kwenye waya, akashika kiuno. "We Benedeta! Mama wa matako ya kusukuma mlango!"

Benedeta akaduwaa, maskini. Miaka yote hiyo hajasikia sauti ya mkwewe, na leo anasikia hayo.

"Ukoo wenu wa fujo!" Apendi akaendelea. "Binti yenu hawezi kuzaa mmoja mmoja kama watu? Amenijazia nyumba, dume na jike, wananyonya usiku kucha, na hata jua hawalijui!"

Nikaona habari inamwingia yule mama. Akaziba mdomo kwa leso. Kisha akaikaza kiunoni, akaja mbio mpaka kwenye waya, upande wake.

"Mwizi mkubwa! Owori wako ana pua ya nyani! Alikuja kunichumbia binti kwa suruali ya kuazima, na bado ilimbana!"

Hapo akatokea askari Engole na bunduki yake. Na Benedeta, Mungu wangu, machozi yakamtoka. Nani humlilia adui?

"Unalia?" Apendi akamvamia kwa kelele. "Lia! Nimekukata maini! Hata machozi yako machache, mchoyo wewe!"

Engole alimtazama huyu, akamtazama yule. Ni Mteso, kijana wa watu. Akasogea, akasema chini ya pumzi, "Mama, na babu yao je? Kwa mapacha, babu hasazwi." Kisha akapaza sauti kuelekea mlingotini, "Endelea, raia mwema!"

Basi babu, mume wa Benedeta, akapata haki yake, upara wake, kikohozi chake, na baiskeli yake isiyo na breki. Benedeta akacheka huku analia.

Jioni hiyo hiyo mapacha wakatolewa nje, wakakunja nyuso kwa mwanga. Opio wa kiume na Adongo wa kike. Nilimbeba Adongo mimi mwenyewe, nikalia, sifichi.

Mnajua kilichofuata? Kipaza sauti kikamtaja Apendi kuwa raia wa mfano. Akapewa sabuni za kufulia, na amri: kila Alhamisi aende na nyumba yake yote kumkemea adui. Apendi akaniangalia, akauma midomo asicheke mbele ya watu.

Sasa huwa tunakwenda sote.

"Hao majizi wako wana meno, au ni mapengo kama baba yao?" Benedeta hupiga kelele.

"Mawili ya chini! Wananing'ata kidole, mchawi wewe!"

Alhamisi iliyopita Kate naye akajitokeza, Opio mgongoni. Hajawahi kufungua mdomo pale. Akaushika waya kwa mikono miwili.

"Wewe mama mbaya!" akapaza sauti. "Umekonda! Kula, na usithubutu kufa kabla sijakutukana kwa karibu!"

Benedeta akatikisa ngumi juu.

"Sifi ng'o!" akajibu. "Nakusubiri papa hapa, mshenzi wewe!"